Seva pepe na matumizi ya umeme

Seva pepe ni seva isiyo na umbo lake yenyewe. Ni programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta halisi kana kwamba ni kompyuta kamili, ikiwa na mfumo wake wa uendeshaji, kumbukumbu yake na anwani yake ya mtandao. Kompyuta moja yenye nguvu huweza kubeba seva pepe nyingi. Programu msimamizi ndiyo inayozigawia prosesa na kumbukumbu, mfano wa mwenye nyumba anayepangisha vyumba.

Vituo vya data vilivutiwa na njia hii hasa kwa sababu ya bili ya umeme. Zamani desturi ilikuwa kuipa kila huduma seva yake: barua pepe peke yake, hifadhidata peke yake, tovuti peke yake, ili hitilafu ya moja isiangushe nyingine. Desturi hiyo ilikuwa salama, lakini seva nyingi zilikaa karibu bure. Mwaka 2007 wahandisi wa Google, Luiz André Barroso na Urs Hölzle, walieleza kwamba seva kwa kawaida hutumia kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba hata isipofanya kazi hula takriban nusu ya umeme inaotumia ikielemewa kabisa. Basi lililosimama kituoni huku injini inanguruma linachoma mafuta hata bila abiria.

Tuchukue mfano wa seva 10 zinazotumia wati 250 kila moja, yaani wati 2,500. Kazi zake zikihamishiwa kwenye mashine 2 za wati 400, matumizi yanashuka hadi wati 800. Wati 1,700 zilizookolewa, kwa saa 8,760 za mwaka, ni karibu kilowatisaa 14,900.

Kupoza

Karibu umeme wote unaoingia katika seva hugeuka joto, na joto hilo lazima liondolewe kwa umeme mwingine. Kwa hiyo kila wati iliyookolewa kwenye seva hupunguza pia kazi ya viyoyozi. Hata hivyo faida hii haiji yenyewe. Feni na mitambo ya kupoza ikiachwa kwenye kasi ileile ya zamani, chumba kitazidi tu kuwa baridi na bili itapungua kidogo.

Historia

IBM ilibuni mashine pepe katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998, ilizileta kwenye seva za kawaida. Programu huria za Xen na KVM zilifuata.

Nchini Marekani vituo vya data vilitumia takriban kilowatisaa bilioni 61 mwaka 2006. Mwaka 2014 zilikadiriwa kuwa bilioni 70, ongezeko dogo kuliko ilivyohofiwa, na seva pepe ni mojawapo ya sababu.

Mipaka

Mashine halisi ikiharibika, seva pepe zote zilizomo husimama pamoja, hivyo huhitajika mashine ya akiba. Tena, kuunda seva pepe ni rahisi mno, na zisizo na mwenyewe huongezeka haraka. Kosa la kawaida zaidi ni kuhamisha kazi na kuacha seva za zamani zikiwaka: hapo kituo hulipia umeme wa mashine mpya juu ya ule wa zamani.