Kwa nini Mzee Ojwang hachuji

KATIKA kambi ya wakimbizi ya Jomvu, Mombasa, miaka ya tisini, usiku wa Vitimbi hata mgonjwa aliinuka. Sisi Wabajuni tulikuwa tumekimbia Kismayo na visiwa vya Chula, Chovai na Koyama kwa vyombo vya baharini baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991. Tulisongamana dirishani mwa duka jirani lenye runinga ndogo, tukicheka na kusahau njaa.

Majuzi nilikaa na mpwa wangu, aliyezaliwa Mombasa, tukatazama vichekesho vya zamani kwa simu yake. Nilianza na Redykyulass, vijana watatu waliothubutu kumwigiza Rais Daniel arap Moi kwenye runinga akiwa bado Ikulu. Enzi hizo tulicheka huku tukiangalia nyuma. Mpwa wangu hakucheka.

“Mjomba, anamwigiza nani huyu?” akauliza.

Moi aliondoka madarakani 2002, kijana huyu hajazaliwa. Nilieleza mpaka nikachoka. Kichekesho cha kufafanuliwa ni kama chai iliyopoa.

Nikamwekea Vitimbi ya KBC. Mzee Ojwang anatafuta uongo wa kumwambia mkewe, Mama Kayai, naye mama anaujua ukweli tangu mwanzo. Kijana aliangua kicheko kabla sijatia neno. Mume mwongo hahitaji kufafanuliwa. Yuko Nairobi, yuko Kismayo, na atakuwapo kesho.

Ila safari hii kuna kitu kilinikwama kooni: lafudhi. Benson Wanjau, aliyeigiza Ojwang, alikuwa Mkikuyu akizungumza Kiswahili cha mzee wa Kijaluo. Zamani nilicheka. Kisha nikakumbuka kizuizi kimoja cha barabarani, askari akiniamuru nirudie neno mara tatu, wenzake wakishika mbavu. Kwao ilikuwa mchezo. Kwangu neno hilo lingenipeleka korokoroni. Na ndugu zetu walioomba hifadhi Uingereza walirekodiwa wakizungumza, wataalamu wakaichambua lafudhi yao ili waamue kama kweli ni watu wa visiwani.

Je, basi tumtupe Ojwang? La. Askari alinicheka ili anifukuze. Ojwang tulimcheka akiwa mwenye nyumba, lafudhi yake na yote, na hakuna aliyemwambia arudi kwao. Wanjau alipofariki Julai 2015, Wakenya wa kila kabila walimlilia kama babu yao. Hiyo ndiyo tofauti, na nadhani ndiyo iliyokihifadhi kipindi kile.

Usiku huo mpwa wangu, akijifanya Ojwang, alimwigiza mamangu kwa Kibajuni. Nilishtuka, nikadhani bibi ataudhika. Kumbe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

“Si hivyo, mjukuu wangu,” akamwambia. “Sema tena.”

Kijana akasema tena. Ni mara yangu ya kwanza kumsikia akizungumza lugha ya kwetu.