Mnara Jirani, Simu Sikioni

Kampuni ya simu ikitaka kusimamisha mnara mtaani, mkutano wa wakazi haumkosi mtu wa kuuliza: je, hautatuletea saratani? Swali ni halali. Ila chombo kinachomwagia mwili wa muulizaji mawimbi mengi zaidi kimo mfukoni mwake.

Simu na mnara huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Mionzi ya eksirei hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na kujeruhi vinasaba, na majeraha hayo yanaweza kuzaa saratani. Wimbi la simu haliwezi kazi hiyo. Nishati yake ni ndogo kuliko inayohitajika kwa takriban mara milioni moja. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha tishu joto kidogo. Kwa hiyo ukomo wa usalama hutajwa kwa wati zinazofyonzwa na kila kilo ya mwili. Kwa kichwa, mwongozo wa kimataifa unaruhusu wati 2, na Marekani 1.6. Bonyeza *#07# na simu nyingi zitakuonyesha kiwango chake. Mwaka 2023 Ufaransa ilisimamisha mauzo ya iPhone 12 baada ya vipimo vya simu ikiwa mkononi au mfukoni kufikia wati 5.74, ilhali ukomo wa hali hiyo ni 4.

Mnara hurusha makumi ya wati, simu ya 4G haizidi wati 0.2. Lakini nguvu ya mawimbi hushuka haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiongezeka mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Tena antena huelekezwa mbele, si kwenye mapaa yaliyo chini yake. Simu nayo imegusa sikio.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Simu hupanga nguvu yake kulingana na mtandao. Mnara ukiwa karibu hunong'ona; ukiwa mbali hupaza sauti, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Yule anayezunguka nyuma ya nyumba akitafuta japo kijistari kimoja cha mtandao ndiye ambaye simu yake inarusha kwa nguvu zote, na betri kuisha upesi ni dalili mojawapo. Kijiji kinachoukataa mnara huenda kikajiongezea mawimbi yaleyale kinayoyakimbia.

Na saratani je? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani. Kundi hilo hueleza uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Humo limo pia dondoo la jani zima la mshubiri. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikuta uvimbe wa saratani kwenye mioyo ya panya dume waliomiminiwa mawimbi mwili mzima, saa tisa kwa siku, kwa miaka miwili. Ajabu ni kwamba panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopigwa mawimbi. Kwa binadamu, mapitio ya tafiti 63 yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia zaidi ya miaka kumi.

Anayetaka tahadhari ana njia rahisi. Tumia spika au visikilizio, kwani sentimita chache tu hupunguza sana kinachofika kichwani. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo aiweke simu angalau sentimita 15 kutoka kilipo. Na mtandao ukiwa wa kusuasua, tuma ujumbe. Maongezi marefu yasubiri hadi ufike penye mtandao mzuri.