Marekani: Siku tatu za kugandisha, saa chache mezani

Katika karamu za arusi huko Marekani, bata-maji wa barafu anayeng'aa kama kioo hukaa mezani saa chache tu. Kumtengeneza ni kazi ndefu. Mashine hugandisha maji kuanzia chini, huku pampu ndogo ikiyazungusha juu ili mapovu na uchafu visinaswe ndani. Baada ya siku tatu hivi hutoka bonge la kilo 136. Fundi hubandika mchoro aliokubaliana na mteja, hukata kwa msumeno wa injini, humalizia kwa patasi. Lakini asiharakishe: barafu iliyotoka tu kwenye baridi kali hupasuka kirahisi. Shingo ikivunjika njiani huunganishwa kwa maji. Bonge zima likipasuka, hakuna muda wa kugandisha lingine kabla wageni hawajafika.