Je, Wajua? Sailensa Huliwa na Maji Kutoka Ndani

Sailensa, yaani kasha la chuma linalofungwa kwenye bomba la moshi ili kupunguza mngurumo wa injini, mara nyingi huoza kuanzia ndani, kwa sababu kila lita moja ya petroli inapoungua, hidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewa na kuzaa takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka yakiwa mvuke. Gari linaloendeshwa safari fupi tu halipashi mabomba joto la kutosha kuufukuza mvuke huo wote. Hivyo hugeuka matone, hutuama katika sailensa ya nyuma iliyo mbali zaidi na injini, na kwa kuchanganyika na masalia ya gesi huwa na asidi inayokula chuma. Ndiyo maana gari la kifahari la zamani, linalotolewa bandani siku za sherehe tu, huweza kuharibika sailensa mapema kuliko teksi.

Katika Jaguar XJ6, gari la aina hiyo lililozinduliwa mwaka 1968, kazi ya kubadilisha sailensa ni ngumu zaidi, kwani mabomba yake mawili hupenya kwenye fremu inayobeba difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, na viungo vilivyoshikana kwa kutu hulazimika kupashwa moto au kukatwa. Mipira inayoning'iniza sailensa hubadilishwa pamoja nayo, maana iliyochakaa huacha bomba ligonge bodi. Tundu dogo chini ya baadhi ya sailensa, ambalo mafundi wengine kwa bahati mbaya hulichomelea, limetobolewa kiwandani ili maji hayo yapate kutoka.