Magari ya Umeme: Kwa Nini Tuanze na Bodaboda na Matatu

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za mafuta. Petroli ikipanda, mkazi wa Fedha anayekwenda mjini huisikia kwenye nauli, na mwendeshaji bodaboda wa Tassia hurudi nyumbani na kidogo zaidi mfukoni. Mafuta yote tunayotumia huagizwa kutoka nje. Kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013. Kwa hivyo bei ya hapa hufuata soko la dunia na thamani ya dola.

Umeme wetu, kwa sehemu kubwa, ni wa nyumbani. Hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Loiyangalani, Marsabit. Usiku watu wakilala matumizi hushuka, lakini mvuke haulali, na mwingine huachiliwa hewani bila kutumika. Betri zinazochajiwa usiku zinaweza kuutumia.

Ndiyo maana mwaka wa 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo.

Tuanze na nani?

Gari la kibinafsi mara nyingi hushinda limeegeshwa. Bodaboda na matatu huwa barabarani kutwa nzima. Chombo kinachotembea zaidi ndicho kinachookoa zaidi.

Chukua mfano wa pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku. Ikitumia lita 2.5 za petroli kwa shilingi 180 kila lita, hiyo ni shilingi 450. Ya umeme ikitumia uniti 4, hata kwa shilingi 30 kila uniti, ni shilingi 120. Kituo cha betri kitaongeza ada yake, lakini bado pengo ni kubwa.

Faida nyingine ni ya kila mtu. Chombo cha umeme hakitoi moshi kinapokwama kwenye msongamano wa Outer Ring, na injini yake haikuamshi alfajiri.

Nitachajia wapi?

Wengi wetu tunaishi kwenye maghorofa. Usivute waya kutoka orofa ya tatu hadi uani. Ni hatari kwa jengo zima. Kwa pikipiki, jibu ni kituo cha kubadilishia betri: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaendelea na kazi. Mabasi nayo huchajiwa usiku kwenye yadi. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza majaribio Nairobi mwaka wa 2022 yakiwa na Citi Hoppa na East Shuttle.

Kabla ya kutia sahihi

Bei ya kununua ndiyo kizingiti, na betri ndiyo sehemu ghali zaidi. Kampuni nyingine hukuuzia chombo na kukukodisha betri. Mwendeshaji au SACCO inayofikiria kununua iulize:

- Betri ni ya nani, na ikichakaa nani anagharamia?
- Kuna vituo vingapi kwenye njia yangu, na hufungwa saa ngapi?
- Je, nikichelewa kulipa, chombo kitazimwa?
- Fundi na vipuri vinapatikana wapi?

Kuna swali la taifa pia. Kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa kukarabati barabara, shilingi 25 tangu Julai 2024. Mafuta yakipungua, fedha hizo pia zitapungua, na magari ya umeme yatahitaji njia ya haki ya kuchangia. Hiyo si sababu ya kubaki na petroli. Ni sababu ya kupanga mapema.

Kazi ya kaunti, na yako

Kodi na bei ya umeme huamuliwa na taasisi za kitaifa. Hata hivyo, Katiba ya 2010 inazipa kaunti usafiri wa umma barabarani, maegesho, mipango ya ujenzi, na udhibiti wa moshi na kelele. Kituo cha betri kitakaa wapi, na steji ipi itengewe mabasi ya umeme: hayo ni maamuzi ya hapa Nairobi.

Vikao vya umma vya mpango wa maendeleo na bajeti hufanyika kila mwaka, na memoranda za maandishi hupokelewa. Ukihudhuria, usiseme tu kwamba unaunga mkono au unapinga. Taja steji yako, njia yako na mahali ambapo kituo kinahitajika. Maoni ya aina hiyo ni rahisi kuyaingiza kwenye mpango.