Klachi, Tairi na Msuguano

Mvua inyeshapo Somanda, mjini Bariadi, udongo mweusi wa mbuga hunata na kuteleza. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, magurudumu huzunguka papo hapo na gari lisisogee. Kosa hilohilo humchelewesha anayeanza kujifunza mashindano ya kasi ya mita 402, ingawa yeye huondokea kwenye lami kavu.

Gari husukumwa mbele na msuguano kati ya tairi na ardhi. Tairi libingirikapo bila kuteleza, msuguano tuli hufanya kazi. Likiteleza, hubaki msuguano mwendo, ambao kwa kawaida ni mdogo zaidi. Chukua mfano wa gari ambalo magurudumu yake ya kuendeshea hubeba nusu ya uzito wote. Kizigeu cha msuguano kikiwa 0.8, mchapuko hauwezi kuzidi takriban mita 4 kwa sekunde kila sekunde; kikishuka hadi 0.6, hautazidi 3.

Kwa hiyo dereva hutia gia ya kwanza, huzungusha injini kwa kiasi, kisha huachia klachi polepole hadi ianze kushika, huku akiongeza mafuta. Akiiachia ghafla, tairi huteleza au injini huzimika. Akiichelewesha mno, sahani ya klachi huungua.

Darasani, kipande cha ubao na mizani ya springi vyatosha kuthibitisha kanuni hii: nguvu ya kukiondosha huzidi ya kukiendeleza. Majaribio ya gari yafanyike katika uwanja uliofungwa, kamwe si barabarani.