Mwajiri Ni Nani? Meta Mbele ya Majaji wa Nairobi

Kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, vijana kutoka pembe mbalimbali za Afrika walikuwa wakiingia kazini kwa zamu kutazama yale ambayo Facebook haikutaka watumiaji wake wayaone: watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, maiti za vita vya Ethiopia. Anayejua Kiamhari alipewa ya Kiamhari, anayejua Kisomali ya Kisomali. Jarida la Time, lililofichua habari hizo Februari 2022, liliandika kwamba walitarajiwa kuamua hatima ya kila video kwa takriban sekunde 50, na kwamba wapo waliolipwa dola 1.50 tu kwa saa.

Hawa ndio wasimamizi wa maudhui. Wakifuta kupita kiasi, wanasiasa hulalamika kwamba wamezibwa mdomo. Wakiacha kitu kipite, mtu anaweza kuuawa.

Mkataba wao, hata hivyo, haukuwa na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Walitia saini na Sama, kampuni ya Kimarekani yenye ofisi Nairobi, ambayo nayo ilipewa zabuni na Meta. Utaratibu huu wa kazi kupitia mkono wa tatu una faida moja kubwa kwa tajiri: ukiumia, yeye hakujui.

Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefutwa kazi na Sama mwaka 2019 baada ya kuwakusanya wenzake kudai maslahi, aliamua kuujaribu ukuta huo. Mei 2022 alizishtaki Sama na Meta kwa pamoja. Mawakili wa Meta hawakuanza kwa kujibu habari za mishahara wala majinamizi. Walisema mteja wao ni kampuni ya kigeni, hana makazi wala biashara Kenya, hivyo mahakama za Kenya haziwezi kumgusa. Ni hoja ya ajabu kidogo kwa kampuni ambayo matangazo yake humfikia kila muuza mitumba mwenye simu Gikomba, lakini kisheria ilikuwa na uzito wake.

Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri aliikataa hoja hiyo. Mwezi uliofuata wasimamizi wengine, ambao idadi yao ilifikia zaidi ya 180, walifungua kesi yao baada ya Sama kutangaza kuacha kazi hiyo. Juni mwaka huo Jaji Byram Ongaya, katika amri ya muda, alikwenda mbali zaidi: kazi ni ya Meta, mazingira ya kidijitali ya kufanyia kazi ni ya Meta, vipimo vya utendaji ni vya Meta, basi Meta ndiyo mwajiri mkuu. Kampuni ikakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa. Miezi mitatu baadaye ikabainika kwamba daktari wa akili wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta amewapima wasimamizi zaidi ya 140 na kukuta wameathirika kwa kiwewe.

Kesi ya tatu inatisha zaidi. Meareg Amare alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, Mtigray aliyeishi eneo la Waamhara. Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiwa vimepamba moto, picha yake ilisambazwa Facebook pamoja na tuhuma na maneno ya chuki. Mwanawe, Abrham, anasema aliripoti machapisho hayo zaidi ya mara moja bila kupata msaada. Tarehe 3 Novemba profesa alifuatwa kutoka kazini na kupigwa risasi nje ya nyumba yake.

Desemba 2022 Abrham na wenzake waliishtaki Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa sababu ukaguzi wa maudhui ya Ethiopia ulikuwa ukifanywa humo. Hawalaumu uzembe wa mkaguzi mmoja. Wanasema programu inayopanga nani aone nini hupandisha juu kinachowasha watu hasira, kwani hasira huwaweka kwenye skrini. Wanadai mfuko wa fidia wa takriban shilingi bilioni 200 za Kenya, wakaguzi zaidi wa lugha za Kiafrika, na marekebisho ya programu hiyo. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba inayo mamlaka ya kuisikiliza.

Badala ya mahakama, serikali nyingi za ukanda huu hupenda njia ya mkato: kuufunga mtandao wenyewe. Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti ilizozihusisha na wizara ya habari ya Uganda. Rais Museveni akaifungia Facebook siku mbili kabla ya uchaguzi. Aliyeumia ni mfanyabiashara mdogo wa Kampala aliyekuwa akitafuta wateja humo. Meta haikuulizwa lolote chini ya kiapo.

Kenya yenyewe inayumba. Mwaka 2024 uliwasilishwa katika Seneti mswada wa kuwakinga wateja wa kigeni wa kampuni kama Sama dhidi ya mashtaka ya wafanyakazi, na Desemba Rais Ruto aliwahakikishia wenye biashara hiyo kwamba sheria inabadilishwa ili wasiburutwe tena mahakamani. Ajira za mtandaoni ni ahadi yake kubwa kwa vijana. Vijana kama hao ndio waliokuwa upande wa walalamikaji.